Mbaazi, Ndimu na Chai Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupatanisha Madini na Vitamini Mwilini

Asubuhi ya Lamu inajulikana: mahamri ya moto, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa iliyokolea majani na hiliki. Ni chakula kizuri na sitamwambia mtu akiache. Ila sinia hilo lina ugomvi ndani yake. Mbaazi zina madini ya chuma. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina takriban miligramu 2. Chai nayo ina tanini, kile kitu kinachoipa ukali wa kukausha ulimi, na tanini ikikutana utumboni na chuma kitokacho kwenye mimea, hukishika kikawa kitu kisichoyeyuka, kikapita zake hadi chooni. Kikombe kimoja cha chai kali kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata. Kutia maziwa hakuondoi tatizo. Mama aliyekula hivi kwa miaka ameshiba kila asubuhi, lakini damu yake haikupata fungu lake.

Sasa chukua mbaazi zilezile, zikamulie ndimu, weka kachumbari pembeni, na chai isogeze mbele kwa saa moja au moja na nusu. Hukununua kitu kipya, na chuma kinachoingia mwilini kinaweza kuongezeka maradufu.

Hilo ndilo ninalolisimamia hapa. Madini na vitamini havifanyi kazi kimoja kimoja. Kimoja humfungulia mwenzake mlango, kingine humbeba, kingine humwamsha, na vingine hugombea njia moja. Kabla ya kukimbilia vidonge, panga kwanza vitu vinavyofaa kukaa sahani moja na vile vinavyopaswa kungoja. Sisemi kana kwamba kila nyumba ina samaki na matunda kila siku. Kusi ikivuma samaki hupanda bei, na mboga za mashamba ya Hindi na Mpeketoni, huko Lamu bara, zikishavushwa hufika kisiwani zikiwa ghali. Kwa sababu hiyo hiyo mpangilio una maana: aliye na kidogo ndiye asiyepaswa kukipoteza.

Hatua ya kwanza: andika unachokula na saa unayokila

Kwa siku tatu, chukua daftari uandike kila mlo, kila kikombe cha chai au kahawa, na kila kidonge, pamoja na saa yake. Usibadilishe kitu kwanza. Ukimaliza, zungushia mstari kila mahali chai au kahawa ilipokutana na chakula, kila siku iliyopita bila tunda au mboga mbichi, na kila mlo wa wanga mtupu. Mara nyingi kasoro hujionyesha papo hapo, na mara nyingi ni ileile inayojirudia.

Hatua ya pili: rekebisha chuma, maana hapo ndipo wengi wanaumia

Mwanamke anayepata hedhi anahitaji chuma takriban miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8, na mjamzito 27. Chuma huja kwa sura mbili. Kilichomo kwenye nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri na hakisumbuliwi sana na vyakula vingine. Kilichomo kwenye mbaazi, kunde, pojo, mchicha na mtama ndicho chenye maadui wengi, na ndicho kinachotegemewa na nyumba nyingi.

Adui wa kwanza tumeshamtaja, chai. Kahawa chungu ya jioni nayo imo, ingawa nguvu yake ni pungufu kidogo. Adui wa pili ni fitati, akiba ya fosforasi iliyomo ndani ya nafaka na kunde, ambayo hukamata chuma, zinki na kalsiamu kwa pamoja. Fitati hupunguzwa jikoni kwa kazi ndogo tu. Mbaazi kavu zichague, uzioshe, uziloweke usiku kucha katika maji mengi, mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi yamwage maji yale, usipikie. Tia maji mapya, chemsha mpaka ziive na kupasuka zikiminywa kwa vidole, ndipo utie kitunguu, tui jepesi, na mwisho tui zito. Chumvi itie mwishoni. Kuchachusha pia husaidia: unga wa mtama wa mkate wa mofa uliolala na hamira, au mchele wa mkate wa kumimina uliosagwa ukaachwa uumuke, hupoteza sehemu ya fitati kabla haujafika motoni.

Halafu mwite rafiki wa chuma, vitamini C. Chuma cha mimea huwa katika hali ambayo utumbo hauwezi kukipokea kwa urahisi. Vitamini C hukigeuza kikawa katika hali inayopokelewa, tena hukishikilia kisinaswe na fitati wala tanini. Lakini lazima viwe tumboni wakati mmoja. Chungwa la saa kumi halisaidii mbaazi za saa moja asubuhi. Tena vitamini C huharibika kwa moto, kwa hiyo ndimu ikamulie sahanini, si sufuriani. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na pilipili mbichi inatosha. Msimu wa embe ukiwadia, nusu ya embe ngowe baada ya mbaazi ni dawa yenye ladha. Pera ni bora zaidi, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Unga wa ubuyu mkavu nao una vitamini C kuliko chungwa kwa uzito uleule. Ukoroge kwa maji yasiyochemka. Mabuyu ya rangi yaliyopikwa na sukari nayahesabu kuwa peremende.

Ukwaju huwapotosha watu. Ni mchachu, lakini uchachu wake hautokani na vitamini C, ambayo ndani yake ni haba. Una asidi nyingine zinazoweza kusaidia chuma kidogo, kwa hiyo mchuzi wa ukwaju si mbaya, ila usiuhesabu badala ya ndimu au tunda.

Msaidizi wa pili ni samaki mwenyewe. Kipande kidogo cha changu au tafi kikiliwa pamoja na kunde hakileti chuma chake tu, bali huongeza kufyonzwa kwa chuma cha kunde zile. Kwa hiyo ukiwa na samaki mmoja wa kugawa siku mbili, mgawe na umle na kunde siku zote mbili, kuliko kummaliza leo na kesho kula kunde tupu.

Na karai la chuma: mchuzi wa nyanya au wa ukwaju ukipikwa ndani yake huchukua chuma kutoka kwenye karai. Sufuria ya alumini haikupi hicho.

Yote haya hayafui dafu ikiwa damu inavuja au inaharibiwa. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, malaria huvunja chembe nyekundu. Mtoto anayechezea udongo pekupeku na mama anayekula udongo kwa hamu ya mimba wanahitaji kupimwa. Hamu hiyo ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo ukiliwa hukamata chuma kilichobaki. Mama mja mzito asikemewe wala kuchekwa kwa jambo hilo. Apelekwe akapimwe damu.

Hatua ya tatu: ipe vitamini A mafuta, na usiisahau zinki

Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na bila mafuta kidogo kwenye mlo nyingi hupita bure. Hapa mapishi ya pwani yametutangulia: mchicha wa nazi, malenge ya nazi, viazi vitamu vya nazi. Rangi ya manjano ya malenge na ile iliyojificha ndani ya kijani cha mchicha ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na tui huibeba. Vijiko viwili vitatu vya tui vinatosha kwa kazi hiyo. Hakuna haja mboga iogelee.

Kinachosahaulika ni kwamba vitamini A haisafiri peke yake. Ini huihifadhi, na kuitoa huhitaji protini maalumu ya kuibeba, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa zinki. Zinki ikipungua, vitamini A hukaa ghalani huku macho yanaihitaji, na mtu akaanza kutoona vizuri magharibi inapoingia. Vitamini A nayo ikipungua, chuma hukwama kwenye akiba yake na damu haitengenezwi ipasavyo. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza vidonge vya chuma na asipate nafuu kamili. Zinki utaipata kwenye kaa, nyama, mayai, korosho na simsim, na simsim ya Lamu bara ikaangwe kavu kidogo kisha isagwe, maana nzima nzima nyingi hupita bila kumeng'enywa.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita, usiyakose. Lakini usizidishe kwa mkono wako. Maini ni ghala la vitamini A, mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito ayaepuke kwa kuwa wingi wa vitamini A unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa vyombo, imejaa vitamini hiyo na haifai kunywewa kwa kukisia kijiko.

Hatua ya nne: jenga mfupa kwa timu nzima

Watu husema maziwa ndiyo mfupa. Kalsiamu ni kweli inahitajika, miligramu 1000 kwa siku kwa mtu mzima na 1200 kwa mwanamke aliyepita miaka 50. Lakini bila vitamini D utumbo huipokea kidogo mno. Vitamini D hutengenezwa ngozini kwa jua, huenda kwenye ini ikabadilishwa, kisha kwenye figo ikabadilishwa tena, ndipo iwe tayari kwa kazi, na vimeng'enya vinavyoibadilisha vinahitaji magnesiamu. Kalsiamu ikishaingia kwenye damu, vitamini K huiwezesha protini ya mfupa kuishika. Ondoa mmoja, kazi inalegea.

Lamu iko karibu na ikweta, kama nyuzi 2 tu kusini, jua halina uchache. Hata hivyo kuna watu hawalipati: mama anayetoka akiwa na buibui na kurudi ndani ya nyumba ya mawe yenye vyumba vya kivuli, mzee asiyetoka kitandani, mtoto mchanga anayefungwa nguo gubigubi. Ushauri wangu hauvunji sitara ya mtu. Darini au uani, ambapo hakuna jicho la nje, kaa na mikono, miguu na uso wazi kwa dakika kama 20 hivi, mara kadhaa kwa wiki, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati kivuli chako ni kifupi kuliko urefu wako. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Usiungue, na usijidanganye kwa jua lipitalo kwenye kioo, maana miale inayotengeneza vitamini D haivuki kioo.

Kwa chakula, samaki wenye mafuta ndio wenye vitamini D: dagaa, nguru, jodari. Dagaa wakiliwa na mifupa yao ni kalsiamu na vitamini D kwa tonge moja, na sijui chakula cha bei hiyo kinachowashinda kwa mtoto anayekua. Waloweke kwanza watoe mchanga na chumvi, wakaange kidogo, kisha tui na ndimu.

Kwenye mboga kuna jambo la kuangalia. Mchicha na spinachi zina oksaleti, aina ya asidi ya mimea, na oksaleti hushika kalsiamu. Spinachi ina kalsiamu nyingi ukiipima, lakini mwili hupata kama asilimia 5 tu. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo sana na kalsiamu yake hupatikana vizuri. Mchicha tuule kwa vitamini A na foleti (vitamini B9), kalsiamu tuitafute kwa sukuma wiki, maziwa, mtindi na dagaa.

Kalsiamu na chuma hugombea njia, kama majahazi mawili yanayotaka gati moja. Usimeze vidonge vyao pamoja. Na kalsiamu nyingi kwa mkupuo haifyonzwi vizuri. Ikizidi miligramu 500 kwa mara moja, igawe mara mbili.

Hatua ya tano: chumvi, madafu na samaki wa bahari

Chumvi ya paketi nchini Kenya hutiwa iodini kwa sheria. Chumvi ghafi ya mabwawa, ile inayovunwa upande wa Gongoni na Ngomeni kaskazini ya Malindi, kabla ya kusindikwa haina iodini ya kutosha, ijapokuwa imetoka baharini. Nunua iliyosindikwa, iweke kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jiko na jua, na itie chakula kikikaribia kuiva. Tezi ya shingo huitumia iodini kutengeneza homoni, kwa msaada wa kimeng'enya chenye chuma, kisha seleniamu ndiyo inayowezesha homoni hiyo kugeuzwa kuwa ile yenye nguvu. Samaki wa bahari anazo zote mbili, iodini na seleniamu.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyote pamoja, na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, amehesabiwa humo. Potasiamu ndiyo inayosaidia figo kuitoa sodiamu na kushusha presha. Ndizi, mbaazi, tende na madafu zinayo. Kikombe cha maji ya dafu kina miligramu 600 hivi. Mwenye magonjwa ya figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka, amuulize daktari kabla ya kunywa madafu kila siku. Na mtu ambaye potasiamu yake haipandi hata akitibiwa, apimwe magnesiamu, kwa sababu ikipungua figo huendelea kumwaga potasiamu.

Hatua ya sita: kundi la B

Vitamini B1 haiamki bila magnesiamu, na B2 huhitajika ili B6 iweze kufanya kazi. Kwa mlaji wa kunde, samaki na mayai, mengi ya haya hujipanga yenyewe. Jambo moja tu nataka lishikwe: foleti na B12 hujenga damu pamoja, na foleti nyingi inaweza kurekebisha damu huku ukosefu wa B12 ukiendelea kuharibu neva kimyakimya. B12 hutoka kwa wanyama na samaki pekee. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin kwa miaka, akiona ganzi miguuni, asidhani ni kisukari tu. Aombe B12 ipimwe.

Hatua ya saba: vipange vidonge kwa saa

Mjamzito nchini Kenya hupewa kliniki kidonge chenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki (foleti ya vidonge) mikrogramu 400, kila siku. Akinywe kwa maji na tunda, si kwa chai wala maziwa. Kikimchafua moyo, akinywe baada ya mlo wa usiku au anapolala. Choo cheusi ni kawaida, asiogope akaacha. Akipewa na kalsiamu, viachane kwa saa mbili au zaidi. Dawa za kiungulia zenye kalsiamu au magnesiamu ziwe mbali vilevile.

Viuavijasumu kama doxycycline na ciprofloxacin hunaswa na chuma, kalsiamu, zinki na maziwa. Vitenganishe kwa saa kadhaa kama utakavyoelekezwa na mfamasia. Dawa ya tezi, levothyroxine, iachane na chuma na kalsiamu kwa saa nne. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani wala asizivamie ghafla, ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K hupingana na dawa hiyo.

Zinki ya kuharisha kwa mtoto ni miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari ya paketi. Mtu mzima asijinywee zinki nyingi kwa miezi kwa kutafuta kinga. Ikizidi miligramu 40 kwa siku huanza kufukuza shaba, na ukosefu wa shaba huleta upungufu wa damu usiosikia dawa ya chuma. Na vidonge vya chuma vifungiwe kabatini: mtoto akivibwia kama peremende vinaweza kumuua.

Ramadhani

Mwezi huu hupindua saa zote, na kosa la asubuhi huhamia kwenye futari. Tende na maji, kisha juisi ya embe au chungwa badala ya chai, kisha mbaazi au pojo na samaki. Chai na kahawa ziwe baada ya tarawehe. Kidonge cha chuma kiende na futari ya tunda, cha kalsiamu kiende na daku. Mjamzito azungumze na mkunga kabla ya kufunga.

Mwisho, pima

Usiamini hisia pekee. Pima hemoglobini, yaani wingi wa damu, kabla ya kuanza. Mwanamke asiye mjamzito asiwe chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito 11, mwanamume 13. Anayetibiwa kwa chuma apime tena baada ya wiki nne, na tarajia ipande kwa 1 hadi 2. Isipopanda, rudi kwenye daftari uangalie saa za chai, kisha muulize daktari kuhusu safura, B12 na vitamini A. Ikipanda ikafika mahali pake, usiache vidonge siku hiyo. Endelea kwa miezi mitatu zaidi, kwa sababu damu hujaa mapema na akiba ya chuma kwenye ini huchelewa.